Mjomba, usiseme tena "mwalimu tu"

Shikamoo Mjomba.

Najua hupendi kuandikwa mitandaoni. Lakini nikikwambia uso kwa uso utageuza maneno, uniulize kama nimekula. Basi nisome hapa, na wengine wasome.

Juzi harusini Makorora vijana wa bendi walikuomba upande jukwaani upige japo wimbo mmoja. Ukatikisa kichwa: "Mimi nilikuwa mwalimu tu." Neno hilo limenikwama kooni hadi leo.

Wewe ulishika gitaa Tanga ikivuma. Kwenye dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwenye taarabu, Black Star na Lucky Star. Black Star walichukua magitaa ya dansi, la besi likiwemo, wakayatia kwenye taarabu, na sauti ya mwimbaji Shakila ikaelea juu yake. Ulikuwa ukituambia besi ya taarabu ya Tanga haikimbii, inatembea kama mtu anayerudi sokoni na kikapu kimejaa.

Halafu darasani. Shule haikuwa na ala hata moja. Ukaandika ubaoni noti za do-re-mi kwa herufi, d r m f s l t, ukaweka nukta na vistari vya mapigo, ukatugawa: wa dirishani wagonge madawati kwa viganja, wa mlangoni kwa vidole viwili. Aliyekimbiza mapigo hukumchapa. Ulisimama nyuma yake, ukamgongea taratibu begani mpaka mwili wake ukashika. Mtoto huyo nilikuwa mimi, na bega hili bado linakumbuka.

Kipindi cha muziki kilipomezwa na hisabati, ukaihamishia kwaya chini ya mwembe, saa tisa na nusu, bila hata senti. Jumamosi unapiga harusini Ngamiani mpaka alfajiri, Jumatatu uko mstarini kabla ya kengele, shati limenyooshwa. Miaka 31 hivyo.

Wenzako walipoalikwa Mombasa ulibaki, kwa sababu darasa la saba walikuwa na mtihani wiki ile. Siwezi kukwambia hukupoteza kitu. Ulipoteza, na Shangazi aliniambia ulikaa kimya siku nzima.

Lakini yule kijana wa kinanda aliyekufuata mezani, ulimtazama mguu? Anahesabu kwa kisigino, vidole vimetulia, vilevile ulivyotukataza sisi kupiga vidole kwa sababu vidole vina haraka. Nilimuuliza kajifunza wapi. Akasema kwa mwalimu wake wa shule. Nikauliza mwalimu huyo ni nani, akanitajia mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, upande wa mlangoni.

Jumamosi nakuja baada ya adhuhuri. Nimepata gundi na kipande cha ngozi laini cha kuziba mvukuto wa ile kodiani iliyo juu ya kabati. Mwambie Shangazi asipike, nitaleta samaki. Na simu yangu nitaiweka mezani, inarekodi.

Mpwa wako.