Mwambie binti yako mbuyu ni nini

Dodoma

Shoga yangu Salma,

Assalamu alaikum. Picha zako za Wadi Hinna zimenifika. Mibuyu Dhofar, huko kusini mwa Oman! Nilikuwa nimesoma kwamba ipo huko upande wa Mirbat, lakini kuiona na wewe umesimama chini yake ni jambo jingine kabisa. Nimefurahi mno.

Umesema binti yako anataka kujua kwa nini mashangazi wa Dar wakiandikiana "lete ubuyu" hakuna anayepeleka kitu cha kula. Ningeweza kumjibu kwa neno moja, umbea, tukamaliza. Ila sipendi aanzie hapo. Jina hili limebeba mengi, na umbea ni mzigo wa juzijuzi tu.

Mwanzo ni mti. Mbuyu ndio mti, buyu ndilo tunda, na ubuyu ni ule unga mweupe ulioshikana na mbegu ndani ya tunda. Huku Dodoma tumebarikiwa. Ukishika barabara ya Iringa kuelekea Mtera, mibuyu inakusindikiza kulia na kushoto. Wiki iliyopita nimepasua buyu kibarazani. Nje lina vinyweleo laini vya rangi ya kijani kavu, na ukilitikisa unasikia mbegu zinagonga. Nikalipiga kwenye ngazi mpaka gamba likapasuka. Ndani mna vipande vyeupe vikavu vilivyoshonwa kwa nyuzi nyekundu, na ukitia kimoja mdomoni, uchachu unakukamata pembeni mwa ulimi kabla hujaanza kumung'unya. Mnunulie buyu zima akija likizo, alipasue mwenyewe.

Gamba nalo lina kazi. Zamani lilikatwa likawa chombo cha kutekea maji, nalo likaitwa buyu vilevile. Kibuyu ndicho kinachowachanganya wengi: jina limetoka ukoo huohuo, lakini chenyewe hutokana na mmung'unye, mmea unaotambaa chini, tunda lake likikomaa na kukauka. Kwa hiyo mganga mwenye kibuyu na mfugaji mwenye kibuyu cha maziwa, wote wawili wameshika jina la mti wasiouhitaji.

Sasa ubuyu wa kwetu Unguja, ule wa kwenye vipakiti, unaujua. Sukari inachemshwa na rangi mpaka iwe nzito, inatiwa iliki, vanila na pilipili manga, halafu mbegu zenye unga wake zinamwagwa humo na kugeuzwageuzwa mpaka kila moja ivae nguo nyekundu. Mombasa wao wanauita mabuyu. Mwambie mtoto mapema, maana Dar akiomba mabuyu sokoni anaweza kupewa matunda mazima na magamba yake.

Na umbea umeingiaje? Mimi naona jina limekaa mahali pake. Ubuyu huli mmoja ukaacha. Unamung'unya, unatema kokwa, mkono unarudi kwenye pakiti wenyewe, na midomo inabaki nyekundu kuonyesha ulikuwa wapi. Habari za watu nazo ni hivyohivyo. Kwa hiyo shangazi akisema "nina ubuyu wa moto", ajue kuna ndoa ya mtu inajadiliwa.

Linaloniuma ni lile jingine, kuzunguka mbuyu. Bara huku maana yake ni kutoa rushwa. "Faili lako halitatembea mpaka uzunguke mbuyu." Nimeambiwa hivyo uso kwa uso kwenye ofisi moja, na aliyeniambia hakupunguza hata sauti. Picha iliyo ndani ya msemo naielewa: shina lile pana, wawili wakienda nyuma yake hawaonekani. Lakini mti huu ndio uliowapa wazee kivuli cha kukaa baraza na kuamua kesi za watu mbele ya kijiji kizima. Kuupa jina la jambo la mafichoni naona ni kuuonea. Msemo mwambie, kwa kuwa atausikia, ila mwambie na habari ya baraza.

Methali anayo tayari, mbuyu ulianza kama mchicha. Mfafanulie kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii. Mche wa mbuyu ukiwa mdogo, jani lake ni moja lisilogawanyika. Vile vijani vitano hadi saba vinavyotoka sehemu moja, kama ulivyovipiga picha, huja baadaye. Watu wanapalilia shamba, wanaung'oa pamoja na majani ya porini bila kuujua. Wataalamu nao wameuita Adansonia digitata: sehemu ya kwanza kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeishi Senegal kuanzia 1749, na ya pili kwa hayo majani yaliyokaa kama vidole.

Mahali palipoitwa Mbuyuni sitajaribu kuorodhesha. Moshi kuna soko, Dar ipo, na Kenya ipo kwenye njia ya Voi kwenda Taveta. Palipokuwa na mti mmoja mkubwa, watu walikutana, na jina likabaki.

Ndiyo maana habari ya Kilifi ya mwaka 2022 ilinikosesha raha. Mibuyu iling'olewa na mizizi yake ili ipelekwe nchi ya Georgia kupamba bustani, hadi Novemba Rais Ruto akaagiza uchunguzi. Wenye mashamba walilipwa, na simlaumu mwenye shida ya fedha. Lakini mbuyu mkubwa una umri wa mamia ya miaka. Maua yake meupe hufunguka jioni, popo huja kunywa, na kesho yake yanadondoka. Huko bustanini baridi, nani atakuja usiku?

Yenu ya Dhofar angalau imesimama kwenye udongo wake. Ukikutana na Msudani hapo Salalah, mtajie tabaldi, ndilo jina la mbuyu kwao. Watu wa Kordofan huchimba shina na kuhifadhi humo maji ya mvua. Kisha nifanyie hisani moja. Nenda tena Wadi Hinna na binti yako, mshikane mikono kulizunguka shina muone linataka watu wangapi, na muulize wale wenyeji wa milimani, wanaozungumza Kijibali, wao wanauitaje na tunda wanalifanyia nini. Usiniandikie kwa kifupi.

Pakiti sita za ubuyu nimempa dada anayesafiri kupitia Muscat. Tatu zina pilipili, nimezifunga kwa uzi mwekundu, usimpe mtoto hizo.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Maryam