Mkia wa anwani hauipandishi tovuti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ahadi ambayo baadhi ya wauzaji wa majina ya vikoa, yaani anwani za tovuti, wamezoea kumpa mteja, kwamba akinunua anwani yenye kiishio (herufi za mwisho, kama .com) fulani, tovuti yake itapanda hadi ukurasa wa kwanza wa Google.

Hivi karibuni shemeji yangu, ambaye anauza asali hapa Tabora kwa jumla na rejareja, alinionyesha ankara ya majina matano. Jina la duka lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mkia tu, yaani kiishio: .com, .net, .org, .shop na .africa. Aliambiwa kwamba kila mkia ungemvutia wateja wake. Nilipoifungua tovuti hiyo kwenye simu, picha kubwa ya mzinga ilijitokeza polepole, kipande kwa kipande, na neno “asali” sikuliona popote katika maandishi, kwa kuwa lilikuwa limechorwa ndani ya picha hiyo hiyo. Mtu anayetafuta asali angempataje, hata kama mikia ingekuwa hamsini?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili ninayetengeneza tovuti baada ya vipindi, na darasani husisitiza kwamba viambishi vya mwishoni mwa kitenzi hugeuza maana: piga, pigwa, pigana. Katika anwani ya tovuti mambo hayaendi hivyo. Google walilieleza jambo hili mwaka 2015, wakati viishio vipya vilipokuwa vikimiminika sokoni: walisema kwamba huvichukulia sawa na .com, na kwamba neno lililomo katika kiishio halimwongezei mwenye tovuti chochote wala halimpunguzii. Hata .africa, ijapokuwa imebeba jina la bara zima, huhesabiwa kama kiishio cha jumla, kisichofungwa na nchi yoyote.

Kazi ambayo kiishio huifanya kweli ni kutaja nchi. Anwani ya .tz, ya Tanzania, au ya .ke, ya Kenya, iliyo chini ya shirika la KeNIC, huijulisha Google kwamba tovuti inawalenga watu wa nchi hiyo, na hilo huipa nafasi nzuri zaidi mbele ya mtu anayetafuta akiwa Mwanza kuliko aliyeko Toronto. Kwa muuza asali anayesafirisha madumu kwa basi kwenda Dodoma na Dar es Salaam, hiyo ni faida. Kwa mwenye hoteli ya Zanzibar anayetegemea wageni wa Italia na Ujerumani, huenda .com ikamfaa zaidi. Vipo pia viishio vya nchi na visiwa, kama .tv ya Tuvalu na .ai ya Anguilla, ambavyo Google huvihesabu kuwa vya jumla kwa sababu vimekwisha kununuliwa na watu wa kila pembe ya dunia.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba shemeji tayari alikuwa na anwani ya .co.tz kwa miaka sita, akashauriwa aiache ife kwa madai kuwa ni ya kizamani. Viungo vyote vya mtandaoni (linki) ambavyo wateja na tovuti nyingine walikuwa wameviweka vikabaki vinaelekea kusikokuwa na kitu. Anayehama anwani hupaswa kuuelekeza kila ukurasa wa zamani kwenye mwenzake mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ule ambao mafundi huuita 301, na Google hushauri uelekezaji huo uachwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Aliyemuuzia majina matano hakumgusia hata neno moja kuhusu hilo, nami sidhani kwamba hakulijua.

Ombi langu kwa wauzaji hawa ni dogo: waandike kwenye ankara kwamba kinachouzwa ni jina, na kama wanauza pia kazi ya kuipandisha tovuti, waitaje kazi yenyewe na wataifanyaje. Kwa bahati njema jina la zamani la shemeji halikuwa limechukuliwa na mtu, na juzi tumelilipia upya. Picha ya mzinga tumeipunguza ukubwa, na chini yake tumeandika kwa herufi za kawaida bei ya dumu la asali la lita 5.

Mwalimu, Tabora