Barua ya wazi kwa vijana wa kijiweni Pasua: ile chai ya mbegu za mnanaha mi niliinywa 1983

Wanangu, hamjambo. Naandika huku kwasababu nikija pale kijiweni mnaniamkia shikamoo mzee alafu stori inakatika, mnarukia Simba na Yanga, na mi najua kabisa kabla sijafika mlikuwa mnaongea nini. Basi nikasema ngoja niandike, kila mtu asome peke yake kwenye simu yake, asiangaliane na mwenzake usoni.

Jumapili usiku saa saba mama wa mmoja wenu alinigongea mlango, khanga moja, ndala hazifanani, analia. Simtaji mtoto wake na nyie msimtaje. Nilimkuta kijana kakaa chini anaongea na ukuta, anaokota vitu kwenye blanketi ambavyo havipo, anaviweka mfukoni kwa uangalifu. Nikamshika paji la uso, linachoma kama sufuria lakini hana hata tone la jasho. Nikamwelekezea tochi ya simu machoni, mboni imejaa jicho zima, mwanga unampiga na haijifungi. Nikamuuliza mama kala nini huyu, akasema hajala, amekunywa chai tu na wenzake. Nilikaa chini kwanza, miguu iliisha nguvu, maana hiyo picha naijua, mi mwenyewe nishakuwa pale chini na dada yangu ndo alikuwa ameshika taa ya chemli.

Yupo hai. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali, wamemshikilia siku mbili, sa hizi yuko kwao kalala. Ila bado hawezi kusoma meseji zenu, kwahiyo msidhani amewanunia.

Sasa niwaambie yangu. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 21, nilikuwa najifunza umakenika kwenye gereji moja hapa Moshi. Mwaka ule wazee wenzangu wanaukumbuka, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, msako wa wahujumu uchumi, watu wanaficha hata khanga za biashara. Lakini njaa ya sukari siyo iliyonipeleka kwenye ile chai. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na mi sikuwepo, nilikuwa nimesafiri na lori la watu kwenda Tanga, nikarudi nikakuta wameshamzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba la nyumbani. Sikumuaga. Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye gereji akaniambia kuna mbegu za mnanaha, ule mmea unaojiotea kwenye mahindi na majalalani, ukinywa chai yake unawaona waliotangulia, unaongea nao ana kwa ana. Mi nikaamini kwasababu nilitaka kuamini. Tukapanda kihambani kwetu jioni, tukakaa chini ya migomba karibu na kaburi, tukanywa.

Nawaambieni nilichoona. Sijaona kitu. Yani nakumbuka mdomo kukauka mpaka ulimi ukagoma kugeuka, nakumbuka moyo unakimbia, nakumbuka natafuta maji na maji nikiyapata hayamezeki, alafu pakafunga. Siku mbili na nusu za maisha yangu hazipo. Siyo giza, siyo ndoto, hazipo tu, kama vile mtu kachana kurasa.

Dada yangu ndo alinisimulia. Alikesha na mimi usiku wa kwanza. Anasema ni kweli niliongea na baba, niliongea naye usiku kucha. Nikamuuliza dada nilimwambia nini, alisema nini, nikamshika na mikono nikimbembeleza anieleze. Akalia kwanza. Akasema ulikuwa unamwomba spana namba kumi na nne. Usiku mzima, baba nipe spana namba kumi na nne, unanyoosha mkono, unakasirika hakupi, unaomba tena. Basi. Hicho ndo nilichoongea na baba yangu. Sikumwomba radhi, sikumuaga, na hata hiyo spana mi siikumbuki, imebaki kwa dada mpaka alipofariki na yeye.

Hilo ndo ninalotaka mlisikie kuliko vitisho vyote. Najua mmeshatishwa sana, bangi mtakuwa vichaa, mirungi mtakufa, gongo mtapofuka, na mnaona watu wanatumia na wanaamka, kwahiyo mkisikia mzee anatisha mnafunga masikio. Mi siwatishi, nawapa habari ya mtu aliyefika huko mlikoambiwa mtafika. Hakuna safari. Wanaosema kwenye zile klipu mnazorushiana kwamba unafunguka akili unaona maono, aidha hawajainywa au wamesimuliwa na dada zao. Mtu aliyevuta bangi anajua kabisa hapa nimelewa. Hii hujui. Unaongea na mtu asiyekuwepo na una uhakika yupo, unavuta sigara ambayo haipo mkononi, unavuka barabara ambayo we huioni kama barabara. Mjukuu wangu alinisomea kwamba mwaka 1676 huko Marekani askari wa Kiingereza walipika majani ya huu mmea kama mboga mjini Jamestown, wakawa hamnazo siku kumi na moja, wakafungiwa ndani wasijidhuru, na walipozinduka hakuna aliyekumbuka chochote. Siku kumi na moja na hakuna hata mmoja aliyerudi na cha kusimulia.

Alafu sijamaliza. Mkojo ulikataa kutoka, tumbo likavimba chini, hospitali wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo, niliona aibu mbele ya mama yangu kuliko siku yoyote. Na macho. Wiki iliyofuata nilikuwa na mtihani wa ufundi, trade test, bila kile cheti gereji hawaniajiri kwa mshahara. Nikaenda, nikakaa, nikapewa karatasi, na maandishi yote yalikuwa ukungu. Mbali naona vizuri, naona mlima, naona theluji ya Kibo dirishani, lakini karatasi iliyo mbele yangu siisomi. Nikaisogeza, nikairudisha, nikaomba nikae karibu na mwanga ndo ikawa mbaya zaidi. Nikairudisha tupu. Nilikaa mwaka mzima mwingine nikiosha injini za watu kwa hela ya chakula.

Kilichonifanyia vile nilikuja kukijua uzeeni. Nilimpeleka mjukuu wangu kliniki ya macho kupimiwa miwani, wakamwekea matone, daktari akaniambia mboni zitafunguka, asikae juani, na kusoma hataweza vizuri kwa siku kadhaa, inaweza ikafika hata wiki mbili. Nikamuuliza dokta hii dawa inaitwaje, akasema atropini. Nikamweleza ya kwangu. Akaniambia mzee ni hiyohiyo, mnanaha una atropini, una na ndugu yake skopolamini. Hiyo atropini ndo dawa wanayompa hata mkulima aliyevuta sumu ya kupulizia nyanya, inaokoa watu kila siku. Ila hospitali inapimwa kwa miligramu na mtu amekaa anaangalia mapigo ya moyo wako. Kwenye ule mmea hakuna aliyepima. Mti huu na mti ule ulioko pembeni havilingani, tunda na tunda havilingani, msimu wa jua na msimu wa mvua havilingani. Kwahiyo yule anayewaambia yeye anajua kiasi, hajui, hata profesa hawezi kujua kwa kuangalia. Rafiki yangu tuliyekunywa naye kikombe sawasawa yeye alilala tu akaamka na kichwa kinauma. Mngeniona mimi na mngemwona yeye msingesema tumekunywa kitu kimoja.

Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kiliingiliwa na mbegu za jamii hii, watu karibu 300 wakaugua na watano wakafa. Hao hawakutafuta kulewa, walikuwa wanakula uji.

Kuna mmoja wenu nilimsikia anasema ni mti wa asili, mababu walitumia. Mwanangu, ni kweli wapo wazee waliovuta moshi wa jani lake kwa ajili ya pumu, sikatai. Lakini mi nimekulia kwa wazee hao, na mama yangu alikuwa akiuona mnanaha kwenye mahindi anaung'oa kabla hajapalilia kitu kingine, na wakati wa kupukuchua anachambua zile mbegu moja moja kwenye ungo. Huo ndo utumiaji wa asili nilioushuhudia. Na yale maua makubwa yanayoning'inia kwenye fensi za watu, yale kama tarumbeta, ni ndugu yake, sumu ni ileile, msije mkahamia huko.

Ikitokea mwenzenu amekunywa, naomba mnisikilize kwa hili hata kama mengine yote mmeyaruka. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri iishe. Semeni ukweli amekunywa nini, chukueni na tunda au mbegu mkaoneshe, daktari anatafuta kukuokoa na ukweli ndo unampunguzia kazi. Msimfunge kamba, msimpige mkidhani ana mapepo, msimpe pombe wala vidonge vya kulala, msimlazimishe kunywa maziwa. Muwekeni mbali na moto, barabara na mto, mpozeni kwa kitambaa cha maji, mtu mmoja asimwache hata dakika. Na msimwache mama yake aje kugonga milango peke yake saa saba za usiku. Nyie mlikuwa sita mnakunywa, na usiku ule sikumwona hata mmoja. Hilo limeniuma, nalisema wazi.

Najua pia kwanini. Hesabu ya bosi kila jioni, mafuta yamepanda, mkataba wa pikipiki haujaisha na pikipiki imeshachoka, mwingine kaachwa na mchumba, mwingine amezika kama mimi. Sina hela ya kuwapa. Nina kibaraza na kahawa, na nina masikio, na yule ambaye kuna mtu alikufa hakumuaga aje hata usiku, kuhusu hilo mi na yeye tuna mengi ya kuongea. Mi baba nilikuja kumuaga miaka mingi baadaye, nikiwa mzima kabisa, asubuhi, nimekaa palepale kihambani, nikasema kwa sauti yale niliyokuwa nayo moyoni. Hakunijibu. Lakini niliyoyasema nayakumbuka yote mpaka leo.

Ule mnanaha ulioota nyuma ya banda lenu pale kwenye jalala, nimeuona, matunda yameanza kukauka na yakikauka yanapasuka yenyewe mbegu zinamwagika, na zikishaingia ardhini zinakaa miaka na miaka zikisubiri. Jumamosi asubuhi kabla hamjaanza kazi nakuja na jembe. Nyie tafuteni mifuko ya kuvaa mikononi, msiushike kwa mikono mitupu alafu mkafikicha macho, na tusiuchome, moshi wake nao una sumu ileile. Tutachimba shimo. Na yule aliyelala kwao ameniambia anataka aje, macho yake hayajakaa sawa, kwahiyo mmoja wenu ampitie taratibu.

Mzee wenu,
hapa hapa Pasua, Moshi