Ukihamia kartie mpya, uliza kwanza nani analipa mwalimu

Bwana Mhariri, salamu.

Naomba nafasi kidogo ku ukurasa wa wasomaji, juu likizo kubwa imeanza na njo wakati watu wa Lubumbashi wanahama. Mtu alikuwa anapanga ku Kenya ao ku Katuba, amepata parsele (kiwanja) kule Luwowoshi, Kalebuka ao Kasungami, amesimamisha vyumba viwili, madirisha bado ni mbao na mabati, lakini anahamia tu, anasema heri nilale mu vumbi langu kuliko kuangaliana na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Hapo hana kosa. Lakini muulize alichungulia nini mbele ya kununua: atakutajia karatasi za parsele, kisima, poto ya umeme ya SNEL, basi zinapita wapi na zinakatika saa ngapi. Muulize shule, atakujibu shule ziko mingi, tutaona mwezi wa tisa.

Ziko mingi kweli. Ku avenyu moja ya huku kwetu utazikuta zinafuatana, rangi ya bluu na njano, wanyama wamechorwa ku ukuta, jina la mtakatifu ao la profesa fulani, na karibu zote ni prive, za watu binafsi. Ya serikali iko moja, iko mbali, na mzazi mwenye mfuko mwepesi anatafuta paka hiyo. Mu kartie mpya nyumba zinatangulia, kanisa linafuata, bar inafuata kanisa, na shule ya serikali inakuja nyuma kabisa, watoto wa kwanza wa kartie wameshaota ndevu.

Kwanza tuelewane shule ya serikali ni gani, juu watu wengi wanapotea hapo. Jirani yangu mmoja alikuwa anapita mbele ya shule ya Wakatoliki kila siku bila kuingia, ati ile ni ya mapadri, ni bei. Mama, ile ni shule ya umma! Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa, halafu ikaona mzigo ni mzito, na mwezi wa pili 1977 ikaandikiana konvansio na makanisa: kanisa linaongoza, serikali inalipa walimu. Njo maana tuko na shule za konvansione za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, na za wengine waliofuata, pamoja na zile serikali inaongoza yenyewe, tunaziita ofisiel. Zote ni za umma na elimu ya bure ya primeri (klasi ya kwanza mpaka ya sita) inazihusu zote. Kwa hiyo usiishie ku bango la lango, ingia, salimia, uliza.

Na swali la kuuliza, kwa mimi, linapita mengine yote: nani analipa mwalimu wa ile klasi mtoto wako ataingia?

Konstitisio ya 2006, artikle 43, inasema primeri ku shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Lakini sisi wakubwa tunajua tulitoka wapi. Miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilipokuwa imekuwa si kitu, wazazi njo walishika shule kwa ile tuliita prime, makuta ya wazazi ya kulipa mwalimu, na tulilipa, tukalipa, mpaka mwezi wa tisa 2019 wakati Rais Félix Tshisekedi alisema gratuite, ile elimu ya bure, ianze kutumika. Prime ikafa. Ku shule za zamani za mjini, zenye walimu walioingia ku listi ya mshahara kitambo, kidogo ilikufa kweli. Huku pembeni ni hadithi ingine. Watu wanaongezeka, direkta anafungua klasi ingine, halafu ingine, anatafuta vijana waliotoka pedagojia, anawapa krei (chaki) na watoto, na majina yao yanatumwa juu ili wapate matrikile, numero ya mwalimu wa serikali, na waingie ku listi, ile listi wengi wanaiita bado SECOPE, jina la ofisi ya mishahara ya walimu, hata kama jina lilibadilika. Kisha wanangoja. Mwalimu anaweza kufundisha mwaka, akaongeza mwingine, bila kuona franga moja ya serikali. Sasa niambieni, huyo mwalimu anakula nini? Anakula wazazi. Haitaitwa prime tena, itaitwa krei, itaitwa usafi, mchango wa mlinzi, kufotokopi, zawadi ya mwisho wa trimestri, na haina resi, karatasi ya kuonyesha ulilipa.

Simlaumu mwalimu. Mtu anatoka nyumbani na njaa anaandika ku tablo mpaka saa sita, mimi nitamlaumu kwa nini? Lakini wewe mzazi unayehama ukiamini gratuite, ni haki yako kujua hiyo mbele, juu klasi yenye mwalimu asiyelipwa njo klasi ambayo katikati ya mwaka mwalimu anapotea. Anapata kazi ya kuhesabu malori ku mgodi, anaenda, na watoto wanaunganishwa na klasi ya jirani.

Na kuuliza hakuna haya. Mimi niliuliza direkta mmoja wa huku, nikamwambia papa direkta, usinione mbaya, mu walimu wako wangapi wanapata mshahara? Alicheka kwanza. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandika ku meza na kidole kikaanza kushuka: huyu analipwa, huyu analipwa, huyu anangoja, huyu anangoja, huyu wa klasi ya pili analipwa lakini amebakiza kidogo aende ku pansio. Nilimheshimu yule mzee. Kwa shule ingine nilijibiwa, mama, hayo ni mambo ya ofisi, wewe leta mtoto na makuta ya kaye (daftari) ya mawasiliano. Na mimi nikarudi na mtoto wangu.

Kitu cha pili ni wingi wa watoto, na hapa usimuulize mtu, angalia wewe mwenyewe. Ku klasi zetu mwalimu anaandika asubuhi ku pembe ya tablo hesabu ya watoto, wavulana, wasichana, jumla. Shule zikifunguka, nenda siku ya masomo, saa ine, simama ku mlango, soma ile pembe, halafu angalia mabanki. Kama benki ya watu wawili inabeba wanne na mstari wa mbele umekaa chini ku simenti, unajua. Toka 2019 watoto wengi walitoka ku prive wakaja ku umma, na klasi hazikuongezeka sawa vile watoto waliongezeka, kwa hiyo ukikuta klasi imejaa usiseme shule ni mbaya, saa zingine imejaa juu ni nzuri. Lakini mtoto wa klasi ya kwanza anayekaa nyuma ya wenzake wote, haoni tablo, haitwi mwaka mzima, huyo atafika ya tatu hajui kusoma na hakuna mtu atagundua. Ombeni mwalimu awaonyeshe kaye ya mtoto yeyote. Msichunguze mwandiko, chunguzeni bic nyekundu. Kama mwalimu anasahihisha, utaiona ku kila ukurasa, na kama ya mwisho ni ya mwezi wa kumi na moja, mshukuru na utoke.

Shule zingine zinagawa watoto, kikundi cha asubuhi na kikundi cha mchana. Si kosa lao, ni vyumba havitoshi. Lakini uliza mtoto wako atakuwa wapi, juu mtoto wa miaka sita anayeanza masomo saa saba, mu joto la mwezi wa kumi, chini ya mabati bila plafo, analala. Na mvua za huku mnazijua, zinapenda kuanguka mchana. Mwezi wa kwanza na wa pili ile njia uliyopita mu kiangazi bila shida inakuwa potopoto, kamto kadogo kanakuwa mto. Ukichagua shule mwezi wa saba, tembea ile njia kwa miguu ukifikiria maji. Tena uangalie kama mtoto atakata barabara ya malori ya madini. Kwangu mimi shule yenye sifa ng'ambo ya ile barabara ni shule mbaya, basi, mpaka mtoto afike klasi ya ine.

Kuna kitu wazazi wa mjini wanapenda sana kunung'unikia, ati kule pembeni mwalimu wa klasi ya kwanza anafundisha na Swahili, watoto hawatajua Kifaransa. Jamani. Programu ya taifa njo inasema hivyo, watoto wa mwanzo waanze kusoma na luga ya taifa ya eneo, na huku kwetu ni Swahili, Kifaransa kinaingia polepole. Mtoto anaelewa kwanza herufi inafanya nini, kisha anaichukua na kwenda nayo ku Kifaransa. Zile prive zinazofundisha nyimbo za Kifaransa ku madirisha ili wapita njia wasikie, mwulize mtoto wa pale asome sentensi moja ambayo hajaimba.

Ya karatasi nitapita haraka. Usihamishe mtoto katikati ya trimestri kama unaweza kungoja, juu primeri yetu iko na trimestri tatu na pointi za nusu nusu zinaleta vita kati ya madirekta wawili. Toka na buletini yenye kashe, na uangalie ile mistari ya juu, mahali pa numero permanenti ya mwanafunzi, kama haikujazwa ulizia mbele ya kuondoka, juu itakuja kutafutwa siku ya kuandikisha kandidati wa ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, ku klasi ya sita na hapo utaanza kupanda basi kurudi ku shule ya zamani kutafuta mtu ambaye naye alishahama. Na uliza kama shule iko na klasi ya saba na ya nane. Toka sheria ya 2014 elimu ya msingi ni miaka minane, lakini shule nyingi za pembeni zinaishia ya sita, na mtoto wa miaka kumi na mbili anaanza tena kutafutiwa mahali.

Watu wataniambia, wewe mama unatuambia tuchague, sisi huku tuko na shule moja tu, tuchague nini? Ni kweli. Lakini hata kama ni moja, ukijua klasi gani iko na mwalimu anayelipwa na klasi gani hapana, unaweza kuomba klasi, unaweza kuingia ku komite ya wazazi na kusema kama tutachangia mwalimu anayengoja, tuchangie kwa wazi, iandikwe ku prose-verbali ya mkutano, kila mtu apate resi, na mtoto wa mjane asifukuzwe juu ya hiyo. Huku kwetu tulianza hivyo mwaka jana na kelele zilipungua. Hazikwisha, zilipungua. Kuna papa mmoja bado anasema gratuite ni gratuite, hatatoa kitu, na kwa sheria ni yeye ana haki, mimi simbishi.

Ile ninaomba, Bwana Mhariri, iko ya kwenu na ya wakubwa. Sudivizio yetu, ofisi ya elimu ya huku, inajua kila shule ya umma iko na klasi ngapi, watoto wangapi na walimu wangapi wako ku listi ya mshahara, juu ni madirekta wenyewe wanapeleka hizo hesabu kila mwaka. Kwa nini zisibandikwe ku ukuta wa ofisi ya kartie mwezi wa nane, karatasi moja tu, mtu anayekuja kununua parsele asome? Na gazeti lenu lingezichapa, komine kwa komine, muanze na Annexe, komine yetu ya pembeni, juu njo huku watu wanahamia kuliko kwingine. Tena wale wanaouza parsele wanaoandika ku bango "karibu na shule", mtume mwandishi mmoja apime kwa miguu hiyo karibu ni wapi. Avue viatu vya mjini mbele ya kuanza.

Mama wa watoto wane,
Luwowoshi, Lubumbashi