Kinundu cha mtoto kisiishie ndooni

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile taarifa yenu kuhusu watoto waliotolewa vinundu vya ngozi imenishinda kuinyamazia. Mmetuonyesha bandeji na akina mama wenye furaha, ila hamkusema popote vinundu vyenyewe vilikuwa vya aina gani, wala vilipelekwa wapi baada ya kukatwa.

Mjukuu wangu aliota kinundu chini ya sikio, kigumu kama korosho yenye ganda. Majirani hapa Masasi walisema ni jipu, likamuliwe. Nilikataa, nikampeleka hospitali. Alichomwa sindano ya ganzi huku nimemshika mkono, akapasuliwa, na vile vipande vyeupe vilivyotoka vikawekwa kwenye bakuli la chuma pamoja na pamba zenye damu, kisha vikamwagwa ndooni mbele ya macho yangu. Nilipouliza kama havipimwi, niliambiwa, "Bibi, hiki si kibaya, nendeni nyumbani." Nani alikipima hata akajua kwamba si kibaya? Mwaka haukuisha, kikaota tena palepale chini ya kovu, na daktari bingwa tuliyempata baadaye alianza kwa kuuliza majibu ya maabara, nami sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Huyo alikitoa chote pamoja na ngozi iliyoshikana nacho, akaagiza kipimwe, ikabainika kuwa ni pilomatrikoma, uvimbe unaoanzia kwenye seli za shina la unywele, ambao vitabu vya utabibu vimeueleza tangu mwaka 1880, ambao kwa kawaida si saratani, na ambao ukiondolewa wote ni nadra kurudi. Mtoto alikatwa mara mbili palepale kwa sababu ya ndoo.

Kupimwa kwenyewe nako ni adha, kwani nilikabidhiwa kichupa chenye kinundu hicho nikipeleke mwenyewe Dar es Salaam kwa basi. Tangu lini mgonjwa akawa tarishi wa maabara?

Napendekeza kila chumba cha upasuaji mdogo, kuanzia Newala hadi Liwale, kiwe na rafu ya vichupa vyenye mdomo mpana vya formalini, yaani dawa ya kuhifadhi kipande kilichokatwa kisioze, na stakabadhi ya malipo isigongwe muhuri kabla namba ya kichupa haijaandikwa juu yake. Mwandishi wenu naye arudi kwa wazazi wa watoto wale, awaulize kama wamepewa majibu, kisha mtuchapishie walichomjibu.

Bibi wa mtoto,
Masasi, Mtwara