Sakafu ya Mbao Isiyopigiliwa Misumari

Moshi

Ndugu yangu Elibariki,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Sisi hatujambo, na ni matumaini yangu kuwa nanyi huko Njiro mu wazima. Barua yako ya kuulizia sakafu ya mbao tuliyoweka sebuleni nimeipata, na kwa kuwa umeniambia fundi wako ameshaanza kuzungumzia misumari, nimeona nisikawie kukujibu.

Sakafu ya namna hii haipigiliwi wala haigandishwi kwenye zege. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Mbao hushikana zenyewe kwa zenyewe, na sakafu nzima hulala juu ya sponji nyembamba kama mkeka uliotandikwa. Mbao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kwa hiyo hutanuka na kusinyaa, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ukizibana kwa misumari, au ukazisukuma mpaka zikagusa ukuta, siku zitakapotanuka zitakosa pa kwenda na zitainuka katikati ya chumba. Ndiyo maana pembezoni kote, pamoja na kuzunguka nguzo na fremu za milango, huachwa nafasi ya milimita 10 hadi 12, ambayo baadaye hufunikwa na skating, yaani ubao mwembamba unaozunguka chini ya kuta. Skating yenyewe hupigiliwa ukutani, si sakafuni. Fundi wetu ni seremala hodari wa makabati, na nafasi hiyo ilimkera kwelikweli, kwa maana seremala mzuri hulelewa aone uwazi kuwa ni aibu. Tulichonga kabari ndogo tukazipanga ukutani kabla ya kila mstari, na hazikuondolewa mpaka ubao wa mwisho ulipoingia.

Kuhusu mninga ulionao, mimi nisingeutumia hapa. Ni mti mzuri, tena hausinyai sana, lakini mbao nzima za aina hiyo zinafaa zaidi kupigiliwa juu ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyotangulia kulazwa chini. Kwa sakafu hii tafuta mbao za tabaka, ambazo uso wake ni mti mgumu, na chini yake ni plaiwudi ambayo nyuzi zake zimepishana, hivyo hazichezi sana.

Zege ndilo la kuogopwa kuliko mbao, hasa katika nyumba mpya kama yako. Kata kipande cha nailoni nzito chenye upana wa kama mita moja, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege la hapo limekuwa jeusi kuliko la pembeni, subiri. Kwetu, chumba kilichopakana na bafu kilitoa matone ya kutosha kulowesha kiganja, nasi tumekiacha na saruji yake mpaka leo.

Zege likishakauka, lipimwe kwa rula ndefu: bonde lisizidi milimita 3 katika urefu wa mita 2. Kisha hutandazwa nailoni ya milimita 0.2, vipande vipishane kwa sentimita 20, ndipo sponji ifuate. Maboksi ya mbao yalazwe ndani ya chumba hichohicho kwa saa 48 kabla ya kufunguliwa. Maungio ya ncha za mbao katika mstari mmoja na ule unaofuata yaachane kwa angalau sentimita 30.

Jikoni usiweke. Makabati mazito yakifungwa juu yake huibana sakafu palepale, na maji ya jikoni hayaishi. Mweleze mapema pia yeyote anayesafisha nyumba kwamba deki ya kumwaga ndoo na kuvuta maji kwa mpira haifai tena. Ni kitambaa kilichokamuliwa tu. Hilo, nakuhakikishia, lina ubishi kuliko misumari ya fundi.

Kabla hujanunua, niandikie upana kamili wa sebule pamoja na upana wa ubao mmoja, ili tukokotoe mstari wa mwisho usibaki chini ya sentimita 5. Ukipungua hapo, itabidi mstari wa kwanza upasuliwe kwa urefu, ili wa mwisho upate upana zaidi. Ongeza na asilimia 10 ya mbao kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako katika urafiki,
Godlisten