Barua ya wazi: Tunaomba chumba kimoja tu stesheni ya Kigoma

Mheshimiwa mwenye dhamana,

Yah: Chumba cha makumbusho katika stesheni kongwe ya Kigoma

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hii naiandika hadharani kwa sababu ya mvua ya Jumanne iliyopita.

Mvua ile iling'oa bati mbili za nyumba yangu, maji yakajaa sanduku la marehemu baba. Kofia yake ya kazi imekauka. Taa yake ya mkono ipo. Daftari la zamu, alilolijaza kwa wino tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, limegeuka uji wa buluu. Nimelikausha juani ukurasa kwa ukurasa, halisomeki. Mbele ya wazee wastaafu tuliahidiwa chumba "baada ya masika". Masika matatu yamepita, Mheshimiwa.

Kigoma ndiyo mwisho wa reli. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikatufikia 1914, na jengo lile la Wajerumani bado limesimama karibu na ziwa. Kwa reli hiyo vililetwa vipande vya meli tunayoiita leo Liemba, vikaungwa hapahapa. Mgeni akienda Ujiji anaonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na ni vizuri. Lakini mjukuu wangu akiniuliza ni akina nani waliobeba mataruma na kupokea treni usiku, nimpeleke wapi?

Nahisi macho yote yako kwenye reli mpya ya kisasa, SGR, au mnahofia gharama. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Jinja, kule Uganda, wameyaweka ndani ya stesheni yao ya zamani. Sisi tuna stesheni, na vitu vimo majumbani mwetu, chini ya vitanda, vinaliwa na mchwa. Kila tunapomzika mstaafu, watoto wanauza chuma chakavu.

Sidai jengo zima. Hata bango silidai tena. Naomba chumba kimoja chenye paa lisilovuja na kabati la kioo. Kufagia nitafagia mwenyewe.

Taa ya baba ninayo bado. Chumba kimoja, Mheshimiwa, kabla masika hayajarudi.

Mtoto wa mfanyakazi wa reli,
Kigoma